Vifaa vya kila siku huku mwisho wa reli: taja unachokiamini na useme kikifa unakitengenezea wapi

Mleta uzi, Kigoma mjini

Wakuu habari za majukumu. Nyuzi za vifaa humu ni nyingi ila karibu zote ni simu mpya imetoka, kamera megapikseli ngapi, nani kaishika wa kwanza, basi imeisha. Mimi nataka tuongelee vifaa vya kazi, vile unavyovishika kila siku mpaka rangi inapauka, na tuviongelee kwa macho ya mtu anayeishi huku kwetu. Kipimo changu ni kimoja tu, kikifa nakitengenezea wapi? Kama jibu ni Kariakoo basi hicho sio changu hata kiwe kizuri namna gani, maana kutoka hapa mpaka Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200 na kazi haisubiri mzigo ufike.

Mimi nanunua dagaa mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, napeleka Tabora, na kuna vipindi napanda boti kwenda vijiji vya kaskazini mpaka Kagunga kule mpakani na Burundi. Kwahiyo vifaa vyangu vinakula maji, mchanga, magamba ya samaki na jua.

Cha kwanza tochi ya kichwani. Anayejua mwalo anajua mitumbwi inarudi alfajiri giza bado halijatoka, na bei inapangwa pale pale mzigo ukishushwa, ukichelewa kuona umeumia. Mkono mmoja uko ndani ya beseni unageuza dagaa mwingine una hela au daftari, sasa tochi ya mkononi utaishikia wapi, mdomoni? Dagaa wa usiku ule ule anang'aa kama fedha na tumbo liko zima, yule aliyeshinda kwenye mtumbwi tumbo limelegea, ukimminya kidogo kwa kidole gumba linapasuka. Hiyo tofauti kwa mwanga hafifu wa njano huioni kabisa, inataka mwanga mweupe na uwe karibu. Yangu ni ile ya betri tatu ndogo nyembamba, sio ya kuchaji, na nimeichagua hivyo kwa makusudi kwa sababu betri zile zipo kila kioski mpaka Kagunga. Mkanda wake ukilegea mshona viatu yeyote anakuwekea mpira mwingine.

Na kwa wasioijua kazi yetu, mwanga ndio uvuvi wenyewe huku. Dagaa wa Ziwa Tanganyika anavuliwa usiku wa giza kwa taa, anaifuata taa ndio wavu unampandisha, mbalamwezi ikishapevuka taa inakosa nguvu na watu wanapumzika wanashona nyavu. Wazee wetu wamevua miaka na miaka kwa karabai za mafuta ya taa, unapampu, unawasha, na kile kisoksi chake ukikigusa tu kinageuka majivu. Leo ukisimama pwani usiku wa giza ile mistari ya taa unayoiona mbali kwa sehemu kubwa ni LED na betri. Mafuta ya taa yamepungua sana kwenye hesabu ya mtumbwi, kilichoingia ni fundi betri.

Cha pili saa. Ndio, saa ya mkononi, Casio F-91W, ile nyembamba nyeusi ya plastiki, imetoka tangu 1989 na umbo halijabadilika. Ina gramu 21 tu, unaisahau mkononi, na betri yake kampuni yenyewe inasema inakaa kama miaka saba. Mtu atauliza saa ya nini wakati simu inaonyesha saa. Njoo Kagunga nikuonyeshe. Ukifika kule simu inaanza kushika minara ya ng'ambo, na Burundi pamoja na Kongo upande huu wa ziwa wako saa moja nyuma yetu, basi simu janja iliyoachwa ijiongoze yenyewe inarudisha saa bila kukuuliza. Kuna mwenzetu mmoja aliachwa na boti hivyo hivyo, boti inaondoka kumi na mbili asubuhi, simu yake inamwambia kumi na moja, akaendelea na chai yake taratibu. Dawa yake ingia setingi, kwenye tarehe na saa zima otomatiki, halafu kwenye mtandao chagua laini yako mwenyewe usiiache simu ichague, hapo hata salio linapona. Lakini Casio haijui mnara wala mpaka.

Cha tatu kitochi. Simu janja ninayo, inakaa ndani ya begi, picha za mzigo na wasapu. Ila simu ya kazi ni kitochi cha batani. Miamala unapiga *150*00# haihitaji bando wala intaneti, chaji inakaa siku kadhaa, na ikidondoka kwenye beseni ya maji unaifungua, unatoa betri, unaianika kivulini, mara nyingi inawaka. Ile Nokia 1100 ya 2003, yenye kitochi kichwani na batani za mpira zilizofunikwa zisiingie vumbi, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na vitochi vingi tulivyonavyo leo vimefuata njia ile ile. Aliyeichora ile simu alikuwa anatufikiria watu kama sisi.

Cha nne mizani, na hapa naomba niwe mkali kidogo. Ile mizani ndogo ya kidijitali ya ndoano inayouzwa mitaani ni nzuri kwa kujua begi lako lina kilo ngapi, sio ya biashara. Mizani ya biashara lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka na inabandikwa stika. Mimi natumia ya kuning'iniza yenye uso wa saa, kila asubuhi kabla sijapima mzigo wa mtu naangalia mshale umekaa kwenye sifuri, na muuzaji naye namwita aangalie. Mvuvi aliyekesha ziwani usiku kucha asipunjwe na mshale.

Nyie je? Semeni kifaa, kazi yake, na fundi wake yuko wapi. Picha karibu.

Mdau, Kasulu

Hiyo ya saa kurudi nyuma nimeiona hata huku milimani kwetu ukisogea upande wa Manyovu, mpakani na Burundi. Watu wanadhani simu mbovu, wanapeleka kwa fundi wanalipa bure. Asante mkuu.

Mfuga nyuki, Sikonge

Mwangaluka wakuu. Uzi umekuja wakati wake, nipo kwenye maandalizi ya kurina asali.

Kwangu namba moja ni baiskeli, Phoenix tairi 28, ile ya breki za fito. Vijana wananicheka wananiambia nichukue pikipiki. Pikipiki ninayo ila porini kwenye mizinga naenda na baiskeli, sababu ya kwanza nyuki na moshi wa injini hawapatani, ya pili mafuta. Breki za fito watu wanaziona za kizamani ila hazina waya wa kukatika, ni vyuma vitupu, ukibadilisha mpira wa breki umemaliza, na kila kijiji Tabora hii kina fundi chini ya mwembe mwenye spoki, gololi na tyubu. Kitu pekee nilichoongeza ni kariya, nimechomelewa ya nondo, kwa sababu asali ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Dumu la lita 20 la maji ni kilo 20, hilo hilo ukijaza asali linakaribia kilo 28. Kariya ya dukani inapinda njiani na asali inamwagika mchangani, hasara ya mwaka mzima wa nyuki.

Halafu mleta uzi umeongelea mwanga mweupe, mimi nakuja na mwekundu. Sisi wengi tunarina usiku kwa sababu nyuki wetu ni wakali mchana. Sasa ukivaa tochi nyeupe kichwani umewaita nyuki usoni, wanaufuata mwanga wanajaa kwenye wavu wa kofia mpaka huoni mbele. Nyuki haoni rangi nyekundu, kwake ni giza. Tafuta tochi ya kichwa yenye batani ya taa nyekundu, kama haina funga kitambaa chekundu kizito au ile nailoni nyekundu ya kufungia pipi, mbili tatu juu ya kioo. Utaona masega vizuri tu, utaona lipi limefunikwa nta na lipi bado liko wazi, na nyuki wanatulia kwenye mzinga wao.

Bomba la moshi, lile la kufukizia nyuki, nalo ukilinunua angalia ngozi ya mvukuto, hiyo ndio inakufa kwanza, bati litakaa. Imekufa mpelekee fundi viatu. Na jamani ndani weka magunzi, magome makavu au kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, usiweke plastiki wala usimwagie mafuta ya taa, harufu inaingia kwenye asali na mnunuzi anaijua.

Cha mwisho ni kidude kidogo kinaitwa rifraktomita, kinakaa mfukoni. Unapaka tone la asali kwenye kioo chake, unafunika, unatazama kwenye mwanga kama darubini, mstari unakuonyesha asali ina maji asilimia ngapi. Kiwango cha kimataifa mwisho asilimia 20, ikizidi hapo asali inaweza kuchacha kwenye ndoo. Zamani tulikuwa tunabishana na wanunuzi kwa mdomo, yeye anasema mbichi wewe unasema imeiva. Sasa namwekea kioo jichoni asome mwenyewe, tukimaliza tunaongea bei. Hakuna kifaa kilichonipa heshima sokoni kama hiki, nakwambia ukweli.

Mwanafunzi, Tabora

Nauliza wakuu, nina pawabenki imeandikwa 10,000 mAh na simu yangu betri ni 5,000 mAh. Kwa hesabu ningechaji mara mbili ila inachaji mara moja na kidogo inaisha. Ni feki?

Fundi sola, Mwanga Kigoma

Mdogo wangu usiitupe, inawezekana sio feki. Ile 10,000 imeandikwa kwa betri ya ndani ambayo ni volti 3.7, simu inachajiwa kwa volti 5. Piga hesabu ya nguvu yenyewe: 10,000 mAh ni sawa na ampea-saa (Ah) 10, mara volti 3.7 ni wati-saa (Wh) 37. Gawa kwa volti 5 unapata 7,400 mAh. Toa inayopotea kwa joto kwenye saketi na kwenye waya, na simu nayo inakula yake ikiwa inawaka wakati wa kuchaji. Kwahiyo mara moja na kidogo ni ya kweli kabisa. Ukitaka iende mbali zima data au zima simu kabisa ikiwa inachaji, na tumia waya mfupi mnene, zile waya nyembamba ndefu zinakula umeme njiani.

Feki ya kweli nikuonyeshe iko wapi, iko kwenye betri za mviringo za tochi, zile namba 18650. Namba hiyo ni vipimo vyake, upana milimita 18 urefu 65. Umbo hilo hata ya kiwanda kikubwa kabisa haizidi sana mAh 3,500. Sasa mtaani zipo zimeandikwa 9900 kwa maandishi makubwa, hiyo namba haipo duniani kwa ukubwa ule. Ipime kwa mkono tu, nzima ina gramu kama 45 hivi au zaidi kidogo, ya uongo nyepesi, nimeshazifungua nikakuta betri kidogo katikati pembeni unga mtupu.

Mleta uzi nakuheshimu ila kwenye betri za kutupa tunatofautiana. Unanunua betri, unatupa, unanunua, unatupa, na zikivuja ile chumvi yake inakula mguu wa tochi. 18650 halisi unaichaji mamia ya mara. Sola ndogo ya kibandani inatosha.

Na kwa kuwa umetaja taa za ziwani niongeze, maana ndio kazi yangu na inaniuma kuona watu wanapoteza hela. Betri ya gari sio betri ya taa. Ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache iwashe injini halafu ichajiwe papo hapo, ukiikamua taratibu usiku kucha mpaka taa inafifia, ukirudia hivyo kila giza, haimalizi mwaka. Betri za risasi zote, hata zile za sola, usizishushe chini ya nusu. Taa ya wati 10 ikiwaka saa sita imekula Wh 60. Betri ya volti 12 yenye Ah 20 ina Wh 240, nusu yake ni 120, kwahiyo taa mbili za hivyo umefika mwisho, ya tatu unaanza kula uhai wa betri. Kama huna mita ya kupimia, nunua, ni kifaa cha bei ya chini sana na kinaokoa betri ya bei kubwa: betri ikiwa imepumzika inasoma 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 umebaki na nusu. Lithiamu za fosfeti ni ghali ila unaweza kuzishusha sana na zinafika mizunguko elfu mbili na zaidi, mwenye mtumbwi anayevua giza zote inamlipa.

Paneli futa asubuhi mapema kwa maji na kitambaa laini, sio saa sita kioo kikiwa cha moto. Kiangazi cha huku vumbi na moshi wa mashamba vinakaa juu yake usipoangalia.

Mshona nguo, Ujiji

Kaka zangu mmesahau vifaa vya akina mama na vya ndani. Mimi cherehani yangu ni ya mguu, Butterfly nyeusi, aliinunua marehemu mama. Umeme ukikatika jirani mwenye ya mota anafunga mlango, mimi nakanyaga. Mkanda wake wa ngozi ukilegea unaukata kidogo unaunga kwa kile kipini chake, dakika tano. Ila wanangu wanaojifunza nawaambia kila siku, cherehani haifi kwa kushona inafia kwenye ukavu. Mafuta meupe ya cherehani, tone tone kwenye kila tundu, halafu kanyaga bila uzi kwenye kitambaa kibovu mpaka mafuta yaliyozidi yatoke, ndio uweke kitenge cha mteja. Mafuta ya kupikia marufuku, yanaganda.

Sindano nayo watu wanaidharau. Kitenge cha kawaida namba 14, ukishona turubai au jinzi panda 16. Mtu anashona kila kitu kwa sindano moja mpaka ncha inakuwa butu, inapasua nyuzi za kitenge, halafu anasema kitenge cha Kongo siku hizi hakina ubora.

Na mkasi wangu haugusi karatasi. Mkasi wa karatasi upo wake, umefungwa kamba nyekundu.

Mdau, Urambo

Bi mkubwa hapo kwenye mkasi umenigusa, nyumbani kwetu mkasi wa mama ulikuwa unafichwa juu ya kabati na tulikuwa tunaujua.

Mimi nachangia chupa ya chai ya chuma ndani na nje. Msimu wa tumbaku kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, unakesha unaangalia moto, ile yenye kioo ndani ukiiangusha mara moja umebaki na vigae. Ya chuma yangu imebonyea kila upande na chai ya jioni naikuta bado ya moto alfajiri.

Mleta uzi, Kigoma mjini

Nimesoma zote, mmenipa vitu. Fundi, hoja yako ya betri naipokea nusu. Mjini uko sahihi asilimia mia. Ila mimi nikiwa kijijini siku mvua imeshika tangu asubuhi, na huku mvua zikianza mwezi wa kumi na moja zinatukalisha mpaka wa nne, kibanda cha sola hakichaji hata simu ya mwenye kibanda. Hapo betri ya kioski ndio inanifikisha mwaloni. Nitachukua tochi ya pili ya 18650 kwa siku za kawaida, hiyo ya betri ndogo inabaki begini, na betri zake nazitoa nje nikiwa situmii zisije zikavuja ndani.

Kuna kitu nilikisahau na sitaki uzi uende mbele bila kukisema. Laifu jaketi. Ukipanda boti Kibirizi wengi wanalikalia kama mto. Ziwa hili linafika kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na upepo wake hautumi taarifa. Nunua lako mwenyewe, lenye filimbi na mikanda inayobana, lijaribu ukiwa kwenye maji ya kiunoni pwani uone kama linakubeba kweli au linakupanda mpaka masikioni. Likipanda masikioni mikanda imelegea au sio saizi yako. Usilianike juani msimu wote wa kiangazi, povu la ndani linachoka na kitambaa kinapauka kinaoza. Na mtoto anunuliwe la mtoto, la mtu mzima linamchomoka.

Simu, hela na daftari vikiwa kwenye boti mimi naweka kwenye ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko wa kubana, ile ya lita nne. Niliiosha vizuri nikaifunga kamba kwenye mpini. Inaelea, maji hayaingii, na ukifika unaigeuza kiti.

Mfuga nyuki wa Sikonge, hilo la taa nyekundu limenifikirisha, maana hata wadudu wa usiku pale mwaloni wanatujaa usoni kwa hii nyeupe. Ila kwa nyekundu dagaa sitamsoma, damu na fedha vyote vitakuwa rangi moja.

Mfuga nyuki, Sikonge

Kweli kabisa, nyekundu usiitumie kuchagulia kitu, ni ya kuonea njia na masega tu. Tafuta tochi yenye zote mbili, ukibonyeza muda mrefu inahama. Na kabla hujalipa ijaribu, zipo ambazo nyekundu yake inawaka ya kumweta tu kama ya baiskeli, hiyo haitakufaa.

Mwanafunzi, Tabora

Fundi nimebadilisha waya nikazima simu, imechaji ikajaa na pawabenki imebaki na taa moja. Shukrani. Swali la mwisho, ile mita ya kupimia betri mtu asiyejua umeme anaanza kuitumiaje?

Fundi sola, Mwanga Kigoma

Zungusha kitufe kwenye alama ya V yenye mstari ulionyooka na vinukta chini, weka kwenye 20. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Ikitokea alama ya kutoa mbele ya namba umegeuza waya, haiharibiki, badilisha tu. Waya mwekundu usiuache kwenye tundu la ampea wakati unapima volti, fyuzi itaondoka au mita yenyewe itaungua. Anza na betri moja ya redio mpya, isome, halafu isome ile ya zamani, utaona tofauti mwenyewe.